Kiangazi nacho kina picha zake

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya kupiga picha, masika umeyaeleza vizuri, lakini umewaacha wasomaji wakidhani nyasi za Bunju na Mabwepande zinafaa kupigwa picha zikiwa za kijani tu. Hapo sikubaliani nawe. Septemba, kabla ya vuli, zinageuka rangi ya shaba, na palipochomwa moto unaona miinuko na mikondo ya maji ambayo mwezi Mei imefichwa na majani.

Jua umeliruka kabisa! Dar iko karibu na ikweta: mwanzoni mwa Machi, na tena kama tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini, mbuyu unabaki na kivuli kidogo tu chini yake. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, kwa hiyo ukisimama palepale, upande wenye mwanga si uleule.

Wenzangu wa Mbagala na Chamazi, si lazima mfike Mikumi. Mikorosho huchanua tangu kipupwe, na Desemba mkrismasi unawaka mwekundu. Ila msikawie, viwanja vinapimwa kila kukicha. Mwakani mtapiga picha ya ukuta wa matofali.