Taa Imulike Njia ya Mwananchi

Katika miji yetu umeingia mtindo mpya. Mbele ya hoteli, katika bustani, na kandokando ya njia za waendao kwa miguu husimikwa nguzo fupi zinazomfikia mtu kiunoni, kila moja ikiwa na taa inayomulika chini. Nguzo hizo zina kazi mbili. Mchana huzuia magari yasipande njia ya watu. Usiku humwonyesha mpita njia pa kukanyaga. Tena zapendeza. Sisi hatuna ugomvi na uzuri. Twauliza neno moja tu: je, taa hizi ni pambo la mlango wa mgeni, au ni haki ya kila mwananchi atembeaye usiku, hata yule wa Zagayu, wilayani Itilima?

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na mwaka huo huo Itilima ikawa wilaya baada ya kumegwa kutoka Bariadi. Watu wake ni wakulima wa pamba na wafugaji, watu wa kazi. Lakini jua likitua, kazi zote hazikomi. Mama aliyeshikwa na uchungu hangoji mapambazuko ndipo aende zahanati. Muuguzi wa zamu hana budi kutoka. Mlinzi wa ghala la chama cha ushirika hukesha, na mchuuzi hurudi kutoka gulioni akiwa na fedha zake za siku. Njiani mna mitaro, mna nyoka, mna pikipiki ziendazo bila taa. Isitoshe, mkoa huu umepakana na Pori la Akiba la Maswa, na fisi kuingia vijijini si hadithi ya kutishia watoto.

Mtu aweza kujibu kwamba umeme umekwisha kufika vijijini. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nyaya zimeenea mahali ambapo wazee wetu walijua kibatari tu. Mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere imekamilika mwaka 2025, nayo ina uwezo wa megawati 2,115. Lakini umeme uingiao nyumbani huangaza nyumba; njia hubaki gizani. Kila nyumba ina mita yake na mwenye kuilipia. Njia haina mita, wala haina mwenye kuilipia. Hapo ndipo penye tatizo, na tatizo hilo haliondolewi na wingi wa megawati.

Ziko njia mbalimbali za kuangaza mahali pa watu wengi, nazo zafaa kupimwa kwa akili. Wenzetu wa Nairobi, katika mitaa kama Kibera, walisimamisha milingoti mirefu sana yenye taa kali, na watu wakaipa jina la «mulika mwizi». Mlingoti mmoja huangaza eneo kubwa, na hiyo ni faida. Lakini nyuma ya kila nyumba hubaki kivuli kizito, na mlingoti huo ukizimika mtaa mzima huingia gizani kwa pamoja. Nguzo fupi ni kinyume chake: moja ikiharibika, zilizobaki huendelea kuwaka, na fundi huitengeneza akiwa amesimama chini bila kuhitaji gari la ngazi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Nguzo fupi humulika ardhi, haimuliki uso. Mwanamke apitaye usiku hataki kuona shimo tu. Ataka pia kumtambua mtu anayemjia. Kwa hiyo njia ya kwenda zahanati ifaa kuwekwa nguzo fupi, na penye njia panda, kituo cha basi na mlango wa zahanati isimame taa ya juu. Mwanga wenyewe uelekezwe chini, usimpige mtu machoni, kwa sababu taa inayompofusha mwendesha pikipiki ni hatari kuliko giza. Na kama ni umeme wa jua, nguzo isiwekwe chini ya mwembe, wala vumbi la kiangazi lisiachwe juu ya kioo chake.

Pale Unguja upo mfano unaofundisha. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009, baada ya Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan kushirikiana na Serikali ya Zanzibar kuikarabati. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, mifereji ikachimbwa, taa mpya zikawekwa. Jioni hukutana pale familia, wageni na wauza vyakula, na mwanga umekuwa chakula cha watu. Lakini mwezi Desemba wa mwaka huo huo waya upitao chini ya bahari uliharibika, na Unguja ikakosa umeme wa kutoka bara mpaka Machi 2010. Somo ni wazi: kuwasha taa ni kazi ya siku moja, kuifanya iendelee kuwaka ni kazi ya kila siku.

Yafaa hapa tukumbuke Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio lilituonya kwamba fedha za mikopo hutumika zaidi mijini, hali sehemu kubwa ya kuilipa hutoka katika jasho la mkulima. Onyo hilo halijazeeka. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Kama pamba hiyo yasaidia kupamba bustani za mijini kwa taa, basi mkulima aliyeilima asijikwae gizani akimpeleka mkewe kujifungua. Hatusemi miji izimiwe taa. Twasema zamu ya kijiji nayo ifike.

Na isifike kwa pupa. Kazi yaweza kuanza na nguzo chache, kutoka barabara kuu hadi zahanati, kisha gulioni. Nguzo za bomba la chuma huwatia tamaa wezi wauzao chuma chakavu. Heri za zege, ambazo vijana wa hapo hapo waweza kuzifyatua. Sheria imekwisha kuzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kikifyatua nguzo kwa mkopo huo na halmashauri ikazinunua, fedha itazunguka kijijini.

La muhimu kuliko yote, kila taa iwe na mwenyewe. Kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa, halmashauri itenge fungu la kununua betri, maana betri huchoka, na taa bila betri ni kisiki. Jina la fundi lijulikane. Balozi wa shina ajue taa ngapi ziko katika eneo lake, na ngapi haziwaki. Mkutano wa kijiji usomewe hesabu ya taa kama usomewavyo hesabu ya fedha. Na mwanachama anayemjua mwizi wa betri akanyamaza, ajue kwamba amemsaidia kumwibia mama mjamzito.

Viongozi hupenda siku ya uzinduzi, kwa kuwa siku hiyo taa zote huwaka. Sisi twaomba waende Zagayu na kata za namna yake miaka mitatu baadaye, usiku, kwa miguu, bila gari na bila tochi. Wakifika zahanati pasipo kujikwaa, hapo ndipo tutakaposema kwamba kazi imefanyika.