Reli ya Kati ilivyorudi serikalini, na maswali ya TAZARA

Serikali ya Tanzania ilipoingia ubia na RITES ya India kuendesha Reli ya Kati mwaka 2007, hisa ziligawanywa asilimia 51 kwa mwekezaji na 49 kwa serikali. Mkataba ulikuwa wa miaka 25. Mwaka 2011 serikali ilikuwa imeshazichukua tena hisa zile.

Mwaka 2008 wafanyakazi waligoma kudai mishahara, na lawama zikaelekezwa kwenye uhaba wa mtaji. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwenye utawala wa kampuni. Mwenye hisa nyingi ndiye aliyeshika menejimenti, na injini zikakodiwa kutoka India, nyumbani kwake. Mkodishaji na mkodi wakitoka nyumba moja, nani kwenye bodi atahoji bei? Serikali nayo ilikuwa mbia na mwenye njia ya reli kwa pamoja, hivyo kuibana kampuni kulikuwa kujibana yenyewe. Mzigo wa Burundi na Kongo ulizidi kuhamia barabarani (wenye malori, kusema kweli, hawakununa).

Kenya na Uganda nazo zilikabidhi reli yao kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, zikaachana nayo baada ya takriban miaka 11.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba wa miaka 30 na CCECC ya China kuhusu TAZARA. CCECC ni kampuni ya ujenzi. Wenye shaba na wasafirishaji wa Tunduma wana haki ya kuuliza: nani ataidhinisha gharama za ukarabati, na hesabu zitatangazwa lini?