Waacheni watoto wacheze, na waandike wanachocheza

Kila anayepita karibu na mahali wanapolala wahami, iwe huku kwetu Lubunga au ng'ambo kule mjini, ameona jambo hili. Watoto wanajigawa makundi mawili. Miti ya mihogo inakuwa bunduki na mishale. Mmoja ni chifu, mwingine ni askari, mwingine anapigwa, anaanguka, anakufa, halafu anaamka na kudai kufa tena kwa sababu mara ya kwanza hakufa vizuri. Wazazi wanawafukuza. Wengine wanawachapa. Nimesikia watu wazima wenye heshima wakisema kwamba mchezo huo ndio mbegu ya vita itakayokuja.

Mimi sikubaliani nao. Ninawaelewa. Tangu mwaka 2023 vita ya Wambole na Walengola juu ya ardhi imechoma nyumba, imeua watu wetu, imewatoa watu kijijini na kuwalaza chini ndani ya shule na makanisa. Mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hawezi kufurahi kumwona mtoto huyo huyo akipiga kelele za vita. Lakini ukikaa ukautazama mchezo wenyewe hadi mwisho, utaona kwamba ubaya wake hauko kwenye fimbo. Ubaya ni kwamba mwisho wake unajulikana kabla haujaanza. Wale daima ni wabaya, sisi daima tunashinda. Na mwisho huo watoto hawakuutunga wao. Wameusikia kwetu, jioni, tukiongea kana kwamba wamelala.

Basi kuna aina ya mchezo ambayo mwisho wake haujulikani na mtu yeyote, hata anayeuongoza. Duniani umeshazaa vitabu vinavyosomwa na mamilioni ya watu. Nataka niwaeleze ulikotoka, maana asili yake iko karibu na sisi kuliko mnavyodhani.

Miaka mia mbili iliyopita, maofisa wa jeshi la Prussia, nchi ya zamani ambayo sehemu yake leo iko Ujerumani, walikuwa wanajifunza vita juu ya meza. Mwaka 1824 ofisa mmoja kijana, Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo ambao baba yake alikuwa ameuanza: ramani, vipande vya rangi kwa ajili ya vikosi, na dadu ya kuamua nani ameumia. Mpaka hapo ni mchezo wa wakubwa wa vita tu. Raia hayumo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Minnesota, Marekani, mtu mmoja aitwaye David Wesely alitengeneza mchezo juu ya mji mdogo wa kubuni, Braunstein, ulioko katikati ya majeshi mawili yanayokaribia kupigana. Wachezaji walikuwa wengi kuliko majeshi. Akafanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka: waliobaki akawapa nafasi za watu wa mji. Mmoja awe bourgmestre, mwingine awe mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo. Kila mmoja alikuwa na hofu zake na siri zake. Watu wale wa mji wakaanza kuongea, kudanganyana, kufanya mipango, na mchezo ukawa wao. Majeshi yakawa kitu cha pembeni.

Mtu wa Kisangani hawezi kusoma habari hiyo bila kutabasamu kwa uchungu. Mji katikati ya majeshi mawili! Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, tarehe 5 hadi 10, mabomu maelfu, na hakuna aliyemuuliza muuza chikwanga wala mwendesha toleka anataka nini. Sisi tuliokuwa wadogo mwaka ule tulicheza vita hiyo miezi na miezi. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa raia. Raia hakuwa na la kufanya katika mchezo wetu zaidi ya kulala chini ya kitanda.

Kutoka kwa Wesely, rafiki yake Dave Arneson aliendeleza wazo hilo, akaungana na Gary Gygax, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons. Mara ya kwanza vilichapwa visanduku elfu moja tu. Namna ya kucheza ni rahisi. Mmoja ni mwongozaji: anaeleza mahali na hatari. Wengine kila mmoja ni mtu mmoja, ana jina, ana anachokijua na asichokiweza. Mwongozaji anasema: usiku umeingia, mpo kwenye pwani ya mto, mitumbwi yote imefungwa upande wa pili. Mnafanya nini? Mmoja anasema, mimi ni mvuvi, naogelea kuufuata. Haya, tupa dadu. Ikija sita umefika na mtumbwi. Ikija tatu umefika lakini mkondo umekubeba mbali. Ikija moja, kiboko. Na wenzako sasa lazima waamue: wakuokoe, au wakimbie?

Hapo ndipo hadithi inapozaliwa. Hakuna aliyeipanga. Mwandishi Andre Norton aliucheza mchezo huo, na mwaka 1978 akatoa riwaya, Quag Keep, juu ya wachezaji waliojikuta ndani ya mchezo wao. Mwaka 1984 Margaret Weis na Tracy Hickman walitoa Dragons of Autumn Twilight, riwaya iliyotoka kwenye mchezo waliokuwa wakiujaribu pamoja na wenzao. Mchawi mgonjwa wa kitabu hicho, Raistlin, anaongea kwa kunong'ona kwa sababu mchezaji mmoja, alipoulizwa swali usiku ule mezani, alijibu kwa sauti ya kunong'ona. Basi. Wasomaji nchi nyingi wanaijua sauti hiyo. Japani, mwaka 1986, gazeti moja lilianza kuchapa maandishi ya mchezo jinsi wachezaji walivyoongea. Watu wakayapenda mpaka Ryo Mizuno, aliyekuwa mwongozaji, akayageuza kuwa riwaya, Record of Lodoss War, mwaka 1988. Mwanamke mpendwa kuliko wote katika hadithi ile, Deedlit, mezani alichezwa na mwanaume.

Msomaji wa vitabu hivi anapenda nini? Si majoka. Majoka yapo hata kwenye vitabu vibaya. Anapenda kwamba watu wa hadithi wanashangaa kweli. Aliyekuwa akiongea kwa jina la mtu yule hakujua kama ataishi, alitupa dadu akiwa na jasho mkononi, na jasho hilo limebaki kwenye maandishi. Tena hakuna shujaa mmoja. Ni kundi: mwenye nguvu, mwenye akili, mwizi, mganga, na kila mmoja bila wenzake hafiki popote. Aliyewahi kusukuma lori lililokwama kwenye matope ya barabara ya Lubutu anaelewa bila kufundishwa.

Na hapa nitoke kidogo, kwa sababu barabara hiyo hiyo ya Lubutu ukiifuata mbele unafika Walikale, kwa Wanyanga. Huko, mwaka 1956, Daniel Biebuyck alikaa siku 12 akiandika hadithi ya Mwindo kutoka kinywani mwa mzee Candi Rureke. Rureke hakuwa amekaa kitini akisoma. Aliimba, alicheza, aliigiza matendo ya Mwindo kwa mwili wake. Wasaidizi walipiga mti na kuitikia. Alikuwa Mwindo. Na ndani ya hadithi yenyewe, Mwindo anateremka chini ya ardhi kumtafuta baba yake, anapewa kazi ngumu moja baada ya nyingine na Muisa, halafu anakutana na Sheburungu ambaye anamwambia: tucheze wiki, mchezo wa kubahatisha. Mwindo anapoteza mali yake yote, anabaki na ule usinga wake wa ajabu, conga, anauweka nao rehani, na bahati inageuka. Vijana wanaosema michezo hii ni ya Wazungu waipitie hadithi hiyo kwanza. Shujaa wetu alitupa bahati yake chini ya ardhi zamani, kabla ya sanduku lolote la Marekani.

Turudi Lubunga. Ninachopendekeza kwa walimu, kwa vijana wa parokia na wa mitaa, na kwa wazazi wahami wenyewe, hakihitaji mradi wala mfuko wa dola. Dadu moja ya ludo. Daftari moja na kalamu. Watoto watano au sita. Mtoto mmoja anayejua kuandika awe katibu.

Mji wa mchezo uwe wa kubuni. Una mto, una feri mbovu, una reli ambayo treni yake haijulikani itaondoka lini (hapo hawatahitaji kubuni sana). Jina la kabila lisitajwe hata moja, wala jina la kijiji cha kweli. Mtoto asipewe nafasi ya askari kabla nafasi za mvuvi, muuza samaki, fundi wa reli, mkunga na bourgmestre hazijajaa. Hili la mwisho mimi nalishikilia kuliko mengine, kwa sababu ya ule mji wa Braunstein: raia akipewa la kufanya, vita inapoteza utamu. Mtoto aliyekuwa bourgmestre wa mji wa kubuni, akatupa dadu mara tatu kuzuia watu wasichomeane nyumba na akashindwa mara mbili, amejifunza juu ya Lubunga kitu ambacho hotuba za upatanisho zimeshindwa kumfundisha.

Wazo la kubadilishana nafasi si geni kwetu. Augusto Boal wa Brazil aliandika kitabu chake juu ya tamthilia ya wanaoonewa mwaka huo huo wa 1974: anayetazama anaruhusiwa kupanda jukwaani na kubadili mwendo wa mchezo. Shirika la Search for Common Ground lilitumia tamthilia za aina hiyo mashariki mwa Kongo. Lakini tamthilia ile inakuja na gari, inacheza saa mbili, inaondoka. Daftari linabaki.

Sasa nijibu wachungaji, maana najua watauliza. Marekani, miaka ya 1980, makanisa kadhaa yalisema Dungeons & Dragons inaita mashetani. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe, Patricia Pulling, aliunda chama cha kuupinga mwaka 1983. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, ushahidi haukupatikana. Lakini hapa kwetu mimi sichezi na jambo hilo. Katika mji ambamo mtoto anaweza kufukuzwa nyumbani kwa kuitwa ndoki, usimruhusu mtoto aseme mbele ya majirani "mimi ni mchawi," hata kama ni mchezo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi, lakini mtoto akilala nje usiku sheria haimfuniki na blanketi. Kwa hiyo mchawi asiwemo. Mganga wa majani, sawa. Mtu anayeongea na ndege, sawa.

Kuna jambo lingine ambalo ni zito zaidi kwangu. Yupo mtoto aliyeona baba yake akiuawa. Huyo asilazimishwe kuingia. Anaweza kukaa pembeni na kushika dadu tu, au kuwa katibu, au kuondoka. Akiingia mwenyewe, na katika mchezo akataka kulipiza kisasi, mwongozaji asimkemee. Amwache atupe dadu, halafu aulize swali la kawaida la mchezo: haya, amekufa, sasa kumekucha, mke wake anakuja na ndoo kuteka maji hapo ulipo. Unafanya nini? Akinyamaza, mnyamaze pamoja naye. Mchezo unaweza kusimama hapo hadi kesho.

Mtaniambia wahami wanahitaji unga, dawa, mabati na usalama wa kurudi mashambani, siyo dadu. Kweli, na hapa tutaendelea kuyaandika hayo bila kuchoka. Lakini watoto hao wanacheza tayari, kila siku, tangu asubuhi. Hatuchagui kati ya mchezo na unga. Tunachagua kama hadithi wanayoicheza itaendelea kuwa ile tuliyowapa sisi, yenye mwisho wake tayari, au watatunga nyingine. Mji huu umeandikwa sana na wageni waliopita kwa boti. Conrad alifika hapa mwaka 1890 na dunia bado inasoma alichokitoa. Mtoto wa Lubunga mwenye daftari ana haki ya kuandika wake.

Daftari la kwanza likijaa, liletwe redioni lisomwe, na walioandika waje kusoma wenyewe kwa sauti zao, kwa Kiswahili au Kilingala au kwa lugha ya nyumbani. Ninaomba sharti moja tu kwa wakubwa wote watakaokaa karibu kutazama: mtu mzima asiguse dadu.