Futeni huo msimbo, hakuna anayeutumia

Wasee, najua watu wa kompyuta watanirukia, lakini wacha niseme. Kila mfumo endeshi mpya ukitoka tunashangilia vilivyoongezwa. Mimi nashangilia vilivyofutwa.

Chukua Linux, ambayo kerneli yake iko ndani ya kila simu ya Android. Kerneli ndiyo inashika funguo zote: kumbukumbu, kamera, mafaili, mtandao. Mwaka wa 1991 ilikuwa na mistari kama 10,000 ya msimbo. Leo imepita milioni 40, na mingi ni draiva za vifaa ambavyo mimi na wewe hatutawahi kuvigusa.

"Si ikae tu, inakuumiza wapi?" Sikia. Kuna itifaki ya mtandao inaitwa DCCP. Pengine hujawahi kuisikia, na wenzako pia. Mwaka wa 2017 Andrey Konovalov alipata ndani yake kasoro iliyokuwa imelala humo tangu 2005. Mtumiaji wa kawaida, asiye na ruhusa yoyote, angeweza kupitia hapo akawa bosi wa mashine nzima. Na kusema "mimi situmii DCCP" hakukusaidii, kwa sababu kwenye mifumo mingi programu ikiiomba tu, kerneli inaipakia yenyewe. Ni mlango wa nyuma ambao wenye nyumba wameusahau, lakini mgeni yeyote akibisha unafunguka. DCCP ilikuja kutolewa 2025, kwenye Linux 6.16. Miaka minane baadaye, bana!

Wanasema mahali fulani kuna msee bado anaitumia. Sawa, aisakinishe yeye. Ingawa pia tusipitilize: OpenBSD walitupa Bluetooth yote 2014, na bila spika yangu ya Bluetooth hakuna sherehe itaanza.

Kinachoniuma ni zile simu za bei ya chini tunazonunua hapa, zinazoacha kupata masasisho mapema. Kasoro ikigunduliwa baada ya hapo, unabaki nayo. Na simu ikitoka kiwandani, vifaa vyake vyote vinajulikana. Mtengenezaji ana kisingizio gani cha kujaza kerneli vitu ambavyo haitavitumia hata siku moja? Msimbo ambao haukuwekwa hauhitaji sasisho.

Kama uko na laptopu ya Linux, andika lsmod kwenye terminali. Hizo ni moduli zilizopakiwa sasa hivi. Zingine, nyingi zaidi, ziko kwa diski zinangoja kuitwa.