Sumu ya Nafaka Isigeuzwe Uchawi

Mwezi Machi 2019, wakazi wa Karamoja, nchini Uganda, walianza kutapika na kuchanganyikiwa akili baada ya kula uji wa msaada. Watano walifariki na wapatao 300 wakaugua. Maabara iligundua atropini na skopolamini, sumu za mnanaha, gugu ambalo mbegu zake huvunwa pamoja na nafaka.

Mkasa huo unatuhusu sisi wa Kisii na Nyamira. Mashamba yetu ni madogo, na familia nyingi hununua mahindi yaliyolimwa mbali, wasijue yalipaliliwa vipi. Aliyekula mnanaha hupanuka mboni, hukauka kinywa, moyo humwenda mbio, naye hupayuka na kuona visivyokuwapo. Jirani asiyejua chanzo atasema nini, ila kwamba mtu huyo karogwa?

Hapa kwetu neno hilo huua. Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, walichomwa moto Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, bibi vizee wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma iyo hiyo. Hatudai kwamba visa hivyo vilitokana na nafaka. Tunalosema ni kwamba palipo na kiberiti cha namna hiyo, ugonjwa usioelezwa ni petroli.

Heri ni kwamba sumu hii huonekana kabla ya kusagwa. Mbegu ya mnanaha ni bapa, ya kahawia iliyokolea au nyeusi, yenye umbo la figo. Ni ndogo kuliko punje ya mahindi na kubwa kuliko ya wimbi. Chekecheo humaliza kazi. Ikishakuwa unga, hakuna jicho litakaloitambua, wala kuipika si kinga ya kutegemewa. Makapi yaliyochekechwa nayo yasitupiwe kuku wala ng'ombe, kwani mifugo pia hudhurika.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe mama na ungo wake peke yake. Kanuni za kimataifa za ubora wa mahindi zimeitaja mbegu ya mnanaha miongoni mwa zile za sumu. Tangu ukungu wa mahindi uue watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, taifa limejifunza kuuogopa. Magugu bado hayajaogopwa. Idara za afya za kaunti zote mbili ziwatake wenye vinu wachekeche kabla ya kusaga, na maafisa wa afya wakague magunia sokoni.

Na siku jamaa nzima itakapopayuka baada ya mlo mmoja, wagonjwa wapelekwe hospitali upesi na unga uliobaki upelekwe kwa mkemia wa serikali. Jibu litoke maabarani kabla umati haujafika mlangoni pa ajuza asiye na hatia.