Wingi wa Maji Si Usafi wa Maji

Mtumishi anayehamishiwa Tukuyu akitokea Dodoma au Shinyanga hushangazwa kwanza na maji. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, kila bonde lina kijito chake, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kwenda Ziwa Nyasa. Neema hiyo imezaa dhana ya hatari, kwamba palipo na maji mengi hapana tatizo la maji.

Dhana hiyo haina budi kupingwa. Mwaka 1971, Serikali chini ya uongozi wa TANU ilipoazimia kwamba katika muda wa miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na makazi yake, neno "safi" halikuwa pambo. Mteremko ukilimwa hadi ukingoni, mvua huchukua udongo, mbolea na dawa za kuulia wadudu na kuvitia mtoni. Maganda ya kahawa yakitupwa kijitoni huoza na kumaliza hewa inayowapa samaki uhai. Anayekaa juu haoni madhara. Anayechota chini Kyela ndiye anayeyanywa.

Pengine husemwa kwamba mto hujisafisha wenyewe. Mto unaokwenda huweza kupunguza uchafu, lakini mto uliozuiwa kwa bwawa huutunza. Tope hutuama na kula nafasi ya maji, na mbolea hustawisha magugu na ukungu wa kijani. Bwawa ni ghala: hutoa kile kilichoingizwa.

Mfano hauko mbali. Upande wa pili wa Milima ya Poroto, vijito huelekea Usangu na kulisha Mto Ruaha Mkuu. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na Bwawa la Mtera likajengwa baadaye ili kukihifadhia maji. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hasa kwa sababu ya matumizi ya maji huko Usangu. Taifa lilijifunza kwa gharama kwamba bwawa hulindwa kwenye chemchemi, si kwenye ukuta wake. Leo Tanzania na Malawi, zilizounda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, zina mpango wa kujenga bwawa katika mto huo kwa ajili ya umeme, umwagiliaji na kuzuia mafuriko. Songwe, kama Kiwira, umo katika Bonde la Ziwa Nyasa, ambalo Bodi yake ya Maji ina makao Tukuyu. Somo la Ruaha lapasa kuzingatiwa kabla ya zege kumwagwa.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la hifadhi. Lakini Rungwe ardhi ni haba. Kwa mkulima mwenye kishamba kimoja cha bondeni, mita 60 ni shamba lote. Kumfukuza kwa amri bila kumwonyesha njia si haki, naye atarudi usiku na jembe lake. Wilaya hii ni ya ng'ombe wa maziwa. Mabwana shamba, wakishirikiana na Bodi ya Maji, wangeweza kumwongoza apande ukingoni majani ya malisho ya kudumu na miti ya asili, ili udongo usitifuliwe na ng'ombe wapate chakula. Mikaratusi, inayonyonya maji kwa wingi, isipandwe kwenye chemchemi.

Walimu nao wana nafasi yao. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba mwananchi akielezwa sababu hutenda bila kusukumwa. Shule iliyo karibu na kijito inaweza kuwafundisha wanafunzi kuandika kila wiki rangi ya maji na kina chake, na taarifa hiyo ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji.

Halmashauri isiiachie Bodi ya Maji peke yake kazi hii. Afisa anayesubiri malalamiko kutoka Kyela ndipo apande mlimani atakuwa amechelewa.