Mtambaji Yuko Kayole

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tuna mazoea ya kumtafuta fanani mbali. Tukitumwa nyanjani, tunaabiri matatu hadi mashambani kumsaka ajuza wa kututambia ngano, ilhali tumevipita vibanda vya video vya Kayole, Dandora na Mathare, ambako utambaji umeshamiri kwa miaka mingi, tena mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio.

Ninawakusudia DJ Afro na wenzake, wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya filamu za Kichina, Kihindi na Kimarekani. Wapo wasomi wanaouita usanii huo uhuni. Hebu na tutazame ugenini kidogo. Mwaka 1973 Václav Vorlíček, mwelekezi wa Kicheki aliyesifika kwa vichekesho, alitoa filamu ya ngano ya Popelka, binti wa kambo mwenye njugu tatu za miujiza. Binti huyo ni mpanda farasi na mlenga shabaha hodari, naye humcheza shere mwana wa mfalme. Nchini Norway filamu hiyo imekuwa ikionyeshwa na televisheni ya taifa mkesha wa Krismasi kwa miongo kadhaa, na sauti za wahusika wote, wake kwa waume, ni za mwigizaji mmoja tu, Knut Risan. Wanorwe hawamwonei haya. Wamemfanya sehemu ya sikukuu yao.

Na Risan alisoma tafsiri tu! DJ Afro hafungwi na matini. Hubuni mazungumzo, huwapa wahusika majina ya mtaani, hutia chumvi pigano na kuusemesha umati. Huo si ukalimani. Ni utendaji, ndugu zangu, wenye sifa zilezile tunazozikariri kwa ajili ya mtihani. Lufufu alifanya vivyo hivyo Dar es Salaam, na Uganda wapo mavijei wa Kampala.

Kuhusu Sheng sina utetezi mrefu: ngano hutambwa kwa lugha ya wasikilizaji wake. Anayetaka kuikosoa lugha hiyo, au mizaha yake, atahitaji matini iliyonukuliwa kwa makini, nayo maktabani mwetu haimo. Diski huchubuka na kutupwa.

Wanachama wetu kadhaa wanaishi Umoja na Kariobangi. Napendekeza ziara ya nyanjani ya mwaka huu ielekee huko, na vinasa sauti vibebwe. Nauli, kwa hakika, itakuwa nafuu.